Jiko banifu la udongo lenye bomba: miaka miwili jikoni kwa bibi yangu, Kwimba

Wanaoniuliza kama jiko hili linafaa huwa wanataka kujua mambo mawili: linakula kuni kiasi gani, na linadumu muda gani. Yote mawili nitayajibu. Lakini mimi sikulijengesha kwa ajili ya kuni. Nililijengesha kwa sababu bibi yangu mzaa mama ana miaka 86, ni mjane, anaishi kijijini Kwimba, na macho yake ni mekundu. Aliyekulia Usukumani ameshanielewa. Wengine nitawaeleza, maana bila hayo maelezo sina sababu ya kuandika habari za jiko.

Nianze na kitu chenyewe. Ni jiko la udongo la matundu mawili, linajengwa palepale jikoni na fundi, halibebeki. Kuni zinaingia kwa mdomo mmoja mdogo mbele, moto unapita chini ya sufuria ya kwanza, joto linalobaki linaenda kwenye sufuria ya pili, na moshi unatoka nje kwa bomba. Fundi alitutoza shilingi 60,000 za kazi. Bomba la bati tulitengenezesha Ngudu kwa 35,000. Udongo wa kichuguu tulichimba wenyewe, ndoo saba, tukachanganya na mchanga na nyasi kavu zilizokatwakatwa, vijana wakaukanyaga kwa miguu mpaka ukawa laini kama unga wa chapati. Gharama iliyotuumiza ilikuwa ya paa. Chumba cha kupikia cha bibi kilikuwa kimeezekwa nyasi, na fundi alikataa katakata kupitisha bomba la moto kwenye nyasi. Alikuwa na haki. Tukaezeka bati kwanza, na hiyo peke yake ilikula mshahara wangu wa mwezi mmoja na zaidi. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema jiko hili ni la bei nafuu, muulize kwanza chumba chake cha kupikia kina paa gani.

Mimi ni muuguzi, nafanya kazi Mwanza. Nilizaliwa 1979 palepale kijijini. Nilipokuwa na miaka mitano, jirani wa bibi aliuawa usiku kwa panga. Usiku wenyewe siukumbuki. Nakumbuka asubuhi yake, jinsi sisi watoto tulivyozuiwa kwenda kisimani kwa njia tuliyoizoea. Habari nzima nilisimuliwa na mama nilipokuwa mkubwa, na hata hapo alinisimulia kwa sauti ya chini, mlango umefungwa, miaka ishirini imepita.

Mtoto wa ukoo wa marehemu mume wa yule jirani alikufa kwa degedege. Baba wa mtoto akaenda kwa nfumu, mganga wa kupiga ramli, kuku akapasuliwa, jibu likatoka: aliyemroga ni mwanamke mtu mzima, hana mume, anakaa karibu, macho yake ni mekundu. Jina halikutajwa. Mpiga ramli wa namna hii hataji jina. Anakuchorea mtu, wewe mwenye uchungu unamalizia. Na katika maboma yale kulikuwa na wajane wawili wenye macho mekundu. Mmoja alikuwa yule mama. Wa pili alikuwa bibi yangu.

Wiki ileile kaka yake bibi alikuja na mkokoteni wa ng'ombe akamchukua na sanduku lake, akakaa Magu miaka miwili. Shamba lake la pamba lililimwa na wengine misimu yote miwili. Aliporudi alikuta mpaka umesogea hatua kadhaa, na hakuna aliyeonekana kuusogeza.

Nilipoanza masomo ya uuguzi nikajifunza kwamba degedege mara nyingi ni malaria iliyopanda kichwani, kwamba mtoto yule angewahi dawa huenda angepona. Nikajifunza pia kuhusu macho. Jicho linalopigwa na moshi kila siku kwa miaka arobaini linakuwa jekundu. Zipo na sababu nyingine: vikope, ambavyo vikiachwa vinageuza kope zikaanza kuchoma jicho lenyewe, na vumbi la kiangazi. Lakini kwa mwanamke wa Usukumani aliyepika maisha yake yote, moshi ndio mkubwa. Nilikaa darasani nikimfikiria yule jirani, na nililia mbele ya wenzangu, sikuweza kuwaeleza kwa nini.

Na huo moshi nao una historia yake, naomba mnivumilie hapa kwa sababu ndipo jiko linapoingia. Kwetu kwa miaka mingi wanawake wamepikia mavi ya ng'ombe makavu. Watu wa mikoa yenye misitu wakisikia hivyo hushangaa, wengine hucheka. Hatukupenda. Wakati wa Mwingereza vichaka na miti ya Shinyanga na sehemu za jirani vilifyekwa kwa maelfu ya hekta ili kuondoa mbung'o. Baadaye pamba ikachukua ardhi iliyobaki, na ng'ombe wakazidi kuongezeka. Bibi anakumbuka alipokuwa msichana waliokota kuni za migunga wakarudi kabla jua halijawa kali. Alipokuwa na watoto wanne, safari ya kuni ilikuwa ya kutwa. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ukafufua ngitili zetu za zamani, yale malisho yanayofungwa yapumzike hadi kiangazi, na miti ikaanza kurudi. Lakini kati ya miti kuondoka na miti kurudi kuna kizazi kizima cha wanawake waliopikia mavi ya ng'ombe, na moshi wa mavi ni mzito, haupandi haraka; unakaa usawa wa uso wa mtu aliyekaa kigodani. Hao ndio waliokuja kuzeeka na macho mekundu. Mti ulikatwa na mtu mwingine, jicho likaja kushtakiwa.

Sasa jiko.

Fundi alikuja siku ya Jumatatu akamaliza Jumanne jioni. Kazi yake ya udongo ni nzuri, mkono wake una uzoefu, matundu aliyachonga kwa kupima sufuria za bibi mwenyewe, zikakaa barabara. Hili ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Ugali wetu ni mgumu, unasongwa kwa nguvu, na kwenye mafiga sufuria inayumba, mpishi anaibana kwa mguu huku anasonga. Bibi ameungua mara nyingi sana hivyo, ana kovu la zamani kwenye unyayo wa kulia. Kwenye jiko hili sufuria imezama nusu ndani ya udongo, haiendi popote. Yeye mwenyewe alilisifia hilo kabla ya kusifia habari ya moshi.

Kosa lilikuwa urefu. Fundi alijenga jiko la mtu anayepika amesimama, linafika kiunoni. Ndivyo alivyofundishwa, na kwa mwanamke wa miaka thelathini ni sawa. Bibi yangu hapiki amesimama. Magoti hayamruhusu, na toka akiwa msichana amepikia kigodani. Siku ya kwanza alisimama mbele ya jiko jipya kama mtu aliyesimamishwa mbele ya kaunta ya benki. Hakulalamika, wazee wa kwetu wakipewa zawadi hawalalamiki. Nilimwona tu jioni anarudi kuwasha mafiga nje, nyuma ya nyumba. Nikamwita fundi, akalibomoa, akajenga la chini, akaongeza 20,000. Kwa hiyo ukimwita fundi kwa ajili ya mzee, mkalishe mzee kwenye kigoda chake kwanza, upime kutoka hapo. Asianze kuchanganya udongo kabla ya hilo.

Tukaliacha likauke wiki tatu. Usiwe na haraka. Mama mdogo wangu aliwasha la kwake baada ya siku tano likapasuka mdomoni. La bibi lina nyufa mbili nyembamba tu, ambazo huzibwa kwa udongo mwepesi uliochanganywa na majivu, kazi ya dakika kumi.

Kuni: mzigo mmoja wa kichwani ulikuwa unaisha kwa siku tatu. Sasa unafika siku tano, na wakati wa baridi ya mwezi wa saba, anapochemsha maji mengi, siku nne. Kuni lazima ziwe kavu na fupi, zisizidi urefu wa mkono. Mabua ya mtama yanawaka vizuri lakini unakaa unalisha moto kama mtoto mchanga. Miti ya pamba ni bora kuliko yote. Na kwa kuwa baada ya mavuno inatakiwa ing'olewe na kuchomwa ili wadudu wasibaki shambani, mjomba huleta mkokoteni mzima ikarundikwa chini ya paa. Mavi ya ng'ombe ndiyo jiko hili halitaki. Yanafuka, yanajaza majivu, yanaziba njia ya moshi. Anayetegemea hayo peke yake atapata shida, na ninasema hivi kwa kuwa wanaotegemea hayo ndio wenye uhitaji mkubwa zaidi.

Uji wa asubuhi unaiva haraka kwenye tundu la kwanza. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, inachukua muda uleule wa zamani kuiva, ila hufanyi kazi ya kupuliza. Tundu la pili halina nguvu. Maharage juu yake utayangoja mpaka usiku. Tumia kwa maji ya kuoga au kuweka mboga isipoe. Nsansa ya karanga, mboga yetu ya majani makavu, inapata joto lake sawasawa pale.

Bomba linataka matunzo. Kila mwezi masizi yanatakiwa yatolewe, la sivyo moshi unarudi kwa mdomo wa jiko na unakuwa umerudi ulikotoka. Kazi hiyo mzee hawezi. Lazima awepo kijana wa kupanda. Masika ya kwanza maji ya mvua yaliingia ndani kwa sababu fundi hakuweka kofia juu ya bomba, udongo wa nyuma ukalainika. Kofia ni kipande cha bati cha shilingi elfu tatu. Idai mapema.

Yapo mambo mawili ambayo hakuna aliyetuambia. Kwanza, giza. Moto wa mafiga ulikuwa pia taa na mahali pa kuota joto. Moto wa jiko hili umefichwa ndani ya udongo. Wiki za kwanza bibi alikuwa anapika jioni haoni chumvi iko wapi, na wajukuu hawakukaa tena jikoni kusikiliza hadithi. Tumeweka taa ndogo ya sola. Hadithi zimehamia barazani. Pili, mbegu. Mahindi ya mbegu na mashuke ya mtama yalikuwa yananing'inizwa juu ya mafiga, moshi ukiyalinda na wadudu. Moshi ulipoondoka, msimu ule dumuzi walikula karibu nusu. Sasa tunatumia mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa. Ni gharama nyingine, na ingekuwa vema fundi au waliomfundisha watutajie siku ileile, kwa kuwa mbegu ni chakula cha mwaka mzima.

Na macho? Hapa nazungumza kama muuguzi. Baada ya miezi minne kuchomachoma kulipungua, akaacha kuamka kope zimegandana. Baada ya mwaka wekundu ulikuwa umepungua ukimtazama mchana. Haukuisha. Mishipa iliyovimba kwa miaka sitini hairudi yote, na jicho la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, likafanyiwa upasuaji. Akikohoa sasa ni mafua. Zamani kikohozi chake tulikijua kama tunavyojua mlio wa mlango wa nyumba. Kwa hilo peke yake nilipe tena gharama yote leo, sitajuta.

Ila kuna neno nililolisikia kwenye mkutano wa kijiji, siku mafundi walipotambulishwa, na nataka kulijibu. Mhamasishaji alisema: jiko hili litakomesha mauaji ya vikongwe. Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga. Nikarudi nyumbani nikakaa na lile neno usiku kucha.

Silipendi neno "vikongwe" lenyewe, ingawa magazeti yamelizoea. Waliouawa walikuwa na majina, na si wote walikuwa wazee sana. Kati ya 1970 na 1984 zilirekodiwa Tanzania Bara maiti 3,693 za watu waliouawa kwa tuhuma za uchawi. Wanawake walikuwa 2,286. Sehemu kubwa ya matukio yalikuwa kwetu, Mwanza na Shinyanga. Jirani wa bibi yumo kwenye mwaka wa mwisho wa hesabu hiyo, kama kuna aliyemhesabu.

Wote tunajua kwamba Januari 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu. Jambo hilo hutajwa kila tunapozungumza uwajibikaji, na ni haki litajwe. Alijiuzulu kwa sababu katika msako wa 1976 huko Mwanza na Shinyanga watuhumiwa waliteswa wakiwa mikononi mwa vyombo vya dola, na baadhi yao wakafa. Lakini nimesikiliza hotuba nyingi za kumsifu na karibu zote hazisemi msako ule ulikuwa wa nini. Ulikuwa wa mauaji haya. Wanawake walikuwa wanakatwa mapanga usiku, Serikali ikatafuta wauaji kwa njia mbaya, tukaja kukumbuka waziri na kuwasahau wanawake. Bibi yangu mwaka ule alikuwa na miaka thelathini na kitu. Anakumbuka wanaume wakilala porini wakiogopa kukamatwa, na wanawake wakilala kwa zamu wakiogopa wanaume.

Zipo sababu ambazo bomba la bati haliwezi kuzitoa nje. Miaka ya Operesheni Vijiji, 1974 na kuendelea, watu waliokuwa wamezoea kukaa mbalimbali, kila boma na shamba lake, walikusanywa pamoja. Ghafla kila mtu anaona sufuria ya mwenzake, anasikia mtoto wa nani anaumwa, anajua ng'ombe wa nani hawajafa. Utemi, utawala wa machifu wetu, ulikuwa umefutwa 1963, na yule ntemi ambaye zamani angesikiliza tuhuma, hata kama hukumu yake ilikuwa kumfukuza mtu aende nchi nyingine, hakuwepo tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sungusungu walianza upande wa Kahama kupambana na wezi wa ng'ombe, na wizi ulipungua kweli. Lakini mahali pengine waliwageukia na wanawake walioitwa balogi, yaani wachawi, wakawapiga na kuwafukuza. Sheria ya Uchawi ya 1928, ambayo mpaka leo imo kwenye vitabu vyetu kama Sura ya 18, inamwadhibu anayejidai kuwa na uchawi na pia anayemtuhumu mwenzake. Hiyo sehemu ya pili ni nzuri, laiti ingetumika. Ila sheria hiyohiyo inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtuhumiwa ahame akaishi pengine. Anayehama ni mwanamke. Shamba linabaki.

Shamba. Nimesikiliza wanawake wengi wodini, wanaoletwa na majeraha na wanaokuja kwa mengine kabisa halafu usiku wanazungumza. Karibu kila mara, nyuma ya macho mekundu kuna ekari kadhaa, au ng'ombe wa mahari, au mjane aliyekataa kurithiwa, au watoto wa mke mkubwa na mali ya mke mdogo. Macho ni alama ya kumtambulisha tu. Nia ilikuwepo kabla.

Niliwahi kukutana kwenye semina Arusha na muuguzi mwenzangu wa Kilifi, Kenya. Nikamweleza habari za macho. Akanyamaza kidogo, akaniambia kwao ni mvi. Mzee mwenye nywele nyeupe anaitwa mchawi, na kwao hata wanaume wanauawa sana. Wapo wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi kwa hofu. Akanieleza kuhusu Kaya Godoma, kule Ganze, ambako wazee waliokimbia watoto wao wenyewe wanapewa mahali pa kulala. Nikamuuliza: ugomvi unaanzia wapi? Akasema, urithi wa mashamba. Hapo ndipo niliposhika kwamba hata tukiyasafisha macho yote ya Usukumani yakawa meupe kama ya mtoto, atakayelitaka shamba atatafuta alama nyingine. Mvi hazina jiko.

Kwa hiyo kwa yule mhamasishaji, ambaye najua alisema kwa moyo mweupe: jiko lisinadiwe kama ngao. Likinadiwa hivyo, siku bibi mwenye jiko zuri atakapotuhumiwa watu watasema, basi huyu ni mchawi kweli, maana moshi hana. Naomba wanaofundisha majiko waambatane na mtu wa kuzungumza habari ya ramli chonganishi, kwa jina lake, mbele ya wazee na vijana. Serikali imeshapiga marufuku ramli hizo zaidi ya mara moja, Januari 2009 na tena Januari 2015, wakati ule wote tukiwa na uchungu wa mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Waganga wanaotibu kwa miti shamba wapo, tunawaheshimu, na wengine hutuletea wagonjwa hospitali. Wapasua kuku wanaochora majirani wa watu wako pembeni yao, na kila mtu kijijini anajua nyumba ipi.

Gesi niitaje kwa kifupi kwa kuwa wengi mtaniuliza. Tulimnunulia pia mtungi mdogo wa kilo 6. Anautumia kwa chai tu, na ninapokuwepo. Ugali juu yake hautulii, kujaza upya ni safari ya Ngudu, na yeye anauogopa. Kwa kijana wa mjini ni kitu kizuri sana. Kwa bibi yangu jiko la udongo limeshinda.

Ukitaka alama, jiko nalipatia nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa urefu na kofia ya bomba. Namba ya fundi sitaiweka hapa. Nenda ofisi ya kata, umuulize afisa maendeleo ya jamii, mafundi waliofundishwa wanajulikana. Hesabu na paa.

Kitu cha pili nilichomfanyia bibi hakikuuzwa na fundi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 mwanamke ana haki ya kumiliki ardhi ya kijiji sawa na mwanamume, na anaweza kupewa hatimiliki ya kimila kwa jina lake. Mjomba wangu, Mungu ambariki, alisimama naye mbele ya halmashauri ya kijiji akasema shamba hili ni la mama yangu, na mimi mwanawe ninashuhudia. Mipaka ikapimwa majirani wote wakiwepo, na ule mpaka uliosogea tangu 1986 ukazungumzwa hadharani kwa mara ya kwanza. Haukurudi wote. Ulirudi hatua nne.

Kwa ajili ya makaratasi tulimpeleka Ngudu kupiga picha ya pasipoti. Mpiga picha, kijana mdogo, alimwambia: "Bibi, fungua macho vizuri." Akamjibu: "Yamefunguka, mjukuu wangu. Piga." Hati iko kwenye sanduku lake la bati, lilelile lililokwenda Magu kwa mkokoteni.

Jumapili nilimpigia simu. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba, nikamuuliza kama bomba limesafishwa. Akasema mtoto wa mjomba amepanda asubuhi, ametoa masizi debe zima, kofia iko sawa, na kwamba uji uko jikoni utaungua, tuzungumze jioni.